TSAVO AU SHIMBA: MSAFARA WETU UPIGE KAMBI WAPI?

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Mhariri, nipe nafasi katika jarida letu la Chama cha Kiswahili nitoe yaliyo moyoni mwangu kuhusu jambo ambalo limetugawa wanachama tangu muhula huu uanze. Jambo lenyewe ni msafara wa likizo ya Agosti. Kama mjuavyo, miaka iliyopita chama kimekuwa kikifunga safari ya siku moja, alfajiri kwenda na usiku kurudi. Mwaka huu mlezi wa chama ametukubalia tulale nje siku mbili, kwenye mahema, madamu tukubaliane mahali na wazazi watie sahihi. Hapo ndipo fitina ilipoingia. Wengi wamepaza sauti, "Tsavo! Tsavo!" Ukiwauliza kwa nini Tsavo, wanakuangalia kama uliyeuliza kwa nini samaki anaogelea. Mimi nasema twendeni Milima ya Shimba. Najua nitazomewa. Lakini heri nizomewe hapa kwenye karatasi, maana huku angalau hakuna mtu wa kunikata kauli kabla sijamaliza.

Tuanze na hesabu, ingawa hiki si chama cha Hisabati. Safari zetu mbili zilizopita zote zilikuwa za Tsavo Mashariki. Basi dogo tulilokodi lina viti 33. Toa viti viwili vya walimu, na toa kimoja cha sufuria ya pilau (naam, pilau nayo ilipewa kiti), wanabaki wanafunzi 30. Chama kina wanachama zaidi ya 60. Kwa hivyo kila mara nusu ya chama ilibaki nyumbani. Je, hao waliobaki walichaguliwa kwa kura? La hasha! Walichujwa na mfuko. Mwenye pesa alilipa mapema akaandikwa, na asiye nazo akasema ati anaumwa, au ati kuna harusi kwao, kwa sababu ni nani anayependa kutangaza mbele ya darasa kwamba nyumbani hakuna?

Nitatoa mfano mmoja bila kutaja jina. Lile shairi la ndovu lililobandikwa ubaoni mwaka jana, ambalo hata mwalimu wa Fizikia alisimama akalisoma mpaka mwisho, aliyelitunga hakuwemo garini. Mtunzi huyo hajawahi kumwona ndovu ila kwenye kitabu na kwenye sarafu ya shilingi 20. Sisi tuliomwona ndovu mwenyewe, mwekundu kwa vumbi la Tsavo, tulirudi na picha za simu tu. Mimi jambo hilo liliniudhi, na bado linaniudhi.

Sisi ni shule ya kutwa, tena ya Likoni. Wazazi wetu wengine huuza viazi karai na mihogo kule Feri, wengine huendesha bodaboda, wengine ni vibarua bandarini, wengine wana vibanda vya mahamri na mbaazi, na wengine, tuseme kweli, wanahangaika tu kutwa kucha. Nilipomwambia mamangu habari za kulala Tsavo siku mbili, aliniuliza swali moja: "Na karo ya muhula ujao italipwa na hao simba?" Sikuwa na jibu. Siku ya pili nikamwambia Kwale. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwale si hapo tu? Kwa kina shangazi yako? Basi n'taangalia." "N'taangalia" ya mamangu, wanaomjua wanajua, ni nusu ya "ndiyo". Nina hakika katika nyumba nyingi za wanachama mazungumzo yatakuwa ya namna hiyo hiyo.

Kutoka Mombasa hadi lango la Voi la Tsavo Mashariki ni kiasi cha kilomita 160. Kutoka Mombasa hadi Shimba ni kama kilomita 33, na sisi tulio Likoni tumeshavuka maji tayari. Unapita Ngombeni, unapita Waa, ukifika Kombani unakata kulia, barabara inaanza kupanda, na kabla hujamaliza njugu zako uko Kwale mjini. Lango la hifadhi liko mbele kidogo ya mji. Sasa fikirini wenzangu: basi lile lile la viti 33 linaweza kupeleka kundi la kwanza asubuhi, likarudi shuleni, likapeleka kundi la pili kabla ya adhuhuri. Chama kizima kikalala kambi moja! Jaribu hivyo na Tsavo uone kama dereva hatakuachia ufunguo aende zake.

Wapo watakaoniambia kwamba siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, basi halikai tena foleni ya feri. Ni kweli, na ni neema kubwa kwetu sisi wa ng'ambo hii. Wengine watataja garimoshi la SGR, ambalo tangu lianze 2017 husimama Voi. Haya, tumeshuka Voi, kisha? Mbugani huingii kwa miguu. Lazima ukodi magari mengine pale pale, na mwenye gari akiona watoto wa shule wamesimama juani na mabegi, bei haishuki, inapanda. Barabara mpya imetutoa kwenye foleni, lakini haijaileta Voi karibu.

Sasa niseme kuhusu neno lenyewe, msafara, kwa kuwa hiki ni Chama cha Kiswahili na si chama cha matembezi. Ulaya na Marekani ziko familia ambazo likizo ikifika huvuta nyumba nyuma ya gari. Nyumba hiyo, karavani, ina vitanda, ina jiko, wengine hata choo kimo ndani. Kabla ya kuondoka hukaa mezani wakachagua uwanja wa kuiegesha: maji yapo? Kivuli kipo? Kuna kelele? Bahari iko umbali gani? Watoto watacheza wapi? Wengine wa aina hiyo walifika mpaka kwetu. Ufuo wa Tiwi, mwendo mfupi tu kutoka hapa, kwa miaka mingi umekuwa kituo cha wageni wanaovuka Afrika kwa malori yenye vitanda ndani. Mimi mwenyewe niliwahi kuona lori la namna hiyo likingoja feri, lina madirisha yenye mapazia na taulo zimeanikwa nyuma, watu wote wamelikodolea macho kama sinema ya bure. Mtu aliyetoka Ujerumani akavuka jangwa hachagui pa kulala kwa sababu jina la mahali linasikika vizuri. Anauliza maji yako wapi.

Na wazee wetu waliuliza hivyo hivyo. Karne ya 19 misafara ilitoka pwani hii hii, ikapita Changamwe na Rabai, ikaingia nyika kuelekea Taita, Uchagani na Ukambani. Mwaka 1848 mmishenari Rebmann alipouona mlima Kilimanjaro hakujipeleka mwenyewe. Aliongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara aliyeijua njia. Mtu kama Bwana Kheri alikuwa na ramani kichwani, na ramani ile ilikuwa ya maji. Nyika ya Taru iliogopwa na wapagazi kwa sababu ya kiu, na mashimo ya miambani yaliyohifadhi maji ya mvua yalikuwa roho yao. Tazama hata majina ya vituo vya reli ya zamani baada ya Mariakani: kuna Maji ya Chumvi. Mtu aliyepaita hivyo bila shaka aliyaonja akayatema. Kiongozi wa msafara aliyechagua kambi vibaya hakuzomewa mkutanoni, alizika watu njiani.

Nimefika kwenye maji, na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hii ndiyo hoja yangu kubwa, kubwa hata kuliko nauli.

Nyumbani kwetu mfereji una tabia zake. Kuna wiki maji hutoka saa nane za usiku, tukaamka na ndoo, mtungi, sufuria, hata besheni la kufulia, kila chombo kikashika foleni. Kuna wiki hayatoki kabisa, tukangoja mkokoteni. Wanachama wa Mtongwe, Timbwani na Shika Adabu, najua mnatingisha vichwa. Tunanung'unika, tunalaumu huyu na yule, halafu mvua ikinyesha tunasahau. Lakini nani kati yetu amewahi kujiuliza maji hayo, yakitoka, yametoka wapi?

Mombasa haina mto wa maji matamu. Maji tunayopelekewa hutoka mbali: Mzima, Baricho kwenye mto Sabaki, visima vya Tiwi, na Marere. Marere ni chemchemi, nazo ziko Milima ya Shimba, ndani ya hifadhi yenyewe. Maji yake yalianza kuteremshwa kwa bomba enzi za ukoloni, kabla ya yale ya Mzima ambayo yalifika miaka ya 1950. Mwalimu wetu wa Jiografia hueleza hivi: pepo za bahari zinakuja na unyevu, zinakutana na milima, zinapanda, zinapoa, mvua na ukungu vinadondoka juu ya msitu. Msitu unayapokea maji polepole, udongo wa mchanga unayafyonza, kisha yanachuruzika chini kwa chini mpaka yatokeze kama chemchemi. Kata msitu ule, na maji ya mvua yatateremka siku moja na matope, na siku ya pili hakuna. Kwa hivyo ule msitu unaouona kwa mbali ukiwa Ngombeni, kama wingu la kijani lililokaa chini, ni sehemu ya mfereji wetu.

Mtoto wa Likoni anaweza kukuhadithia simba wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898 mpaka usiku usilale. Mwulize Marere. Atakwambia ni jina la bibi fulani.

Najua wa Tsavo watanirukia: "Na Mzima je? Mzima haiko Tsavo?" Iko, tena inatupatia maji mengi kuliko Marere. Lakini Mzima iko Tsavo Magharibi, na safari zetu zote zimekuwa za Tsavo Mashariki. Mkisema tukapige kambi karibu na Mzima, nitawaheshimu, ila tafuteni kwanza nani atalipa mafuta.

Sitaki mtu afikiri naichukia Tsavo. Ni mbuga kubwa, iliyotengwa tangu 1948, na siku niliyoona kundi la ndovu likivuka barabara ya mbugani wekundu kama matofali, nilisahau hata njaa. Lakini hebu tukumbuke tulivyoitazama. Tuliingia langoni saa nne, jua kali, tukakaa ndani ya basi mpaka saa kumi. Ukishuka pasiporuhusiwa umevunja sheria, na ni sawa, maana huko mnyama ndiye mwenyeji. Waliokaa upande wa kulia waliona simba mmoja amelala chini ya kichaka, au tuseme waliona sikio lake. Waliokaa upande wa kushoto waliona migongo ya waliokaa upande wa kulia. Kisha tukala pilau ya baridi, tukarudi tukilala begani kwa wenzetu. Hiyo ndiyo safari tunayotaka kuilipia tena kwa bei maradufu?

Na tena nina siri ya kuwapa. Mwaka 2005 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilihamisha ndovu wapatao 150 kutoka Shimba likawapeleka Tsavo Mashariki, kwa kuwa Shimba walizidi na mashamba ya watu yakawa yanaliwa. Waliwadunga sindano za usingizi, wakawapakia kwenye malori, wakasafirishwa kama sisi tulivyosafirishwa. Kwa hivyo, ndugu yangu unayelilia ndovu wa Tsavo, huenda uliyempiga picha alizaliwa Kwale, jirani yako. Ungemfuata kwao ungelipa kidogo.

Shimba yenyewe ilitangazwa kuwa hifadhi ya kitaifa mwaka 1968. Ndovu bado wapo, nyati wapo, kuro, ngiri, chui, hata twiga waliletwa. Lakini mwenye nyumba hasa ni palahala. Wengine humwita mbarapi. Dume lake ni jeusi linalong'aa, tumbo jeupe, pembe zimepinda nyuma kama jambia mbili. Kenya nzima, ukitaka kumwona palahala porini, ni Shimba tu. Hayuko Tsavo, hayuko Maasai Mara, hayuko Amboseli. Watu hupanda ndege kutoka nchi za mbali kuja kumtazama, na sisi tulio mwendo wa saa moja kwa matatu hatujui hata jina lake. Na hili ni aibu kwa chama chetu kuliko kwa chama kingine chochote, kwa sababu kazi yetu ni majina. Tsavo mwaka jana nilisikia wanachama wa Chama cha Kiswahili, sitawataja, wakipiga kelele garini kwa majina ya Kiingereza, kila mnyama. Tulikuwa na nyati mbele yetu na hakuna aliyesema nyati! Msitu wa Shimba una mbega, una kima, una tumbili, na ukimwita mmoja kwa jina la mwenzake mzee wa Kidigo atakucheka. Una mvule na mbambakofi, miti migumu ambayo mafundi wa pwani waliithamini kwa milango ya nakshi. Tunasoma maneno haya kwenye mashairi, mwalimu anatupa maana yake, tunayaandika nyuma ya daftari, basi. Mvule ni mti. Mbega ni nyani. (Mbega si nyani! Lakini ndivyo ilivyoandikwa kwenye daftari nililoazima.)

Huko pia utatembea. Kuna maporomoko ya maji yaitwayo Sheldrick, yamepewa jina la David Sheldrick aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Tsavo Mashariki, kwa hivyo hata wa Tsavo wana mtu wao pale. Maji huanguka zaidi ya mita 20. Kuyafikia huwezi kwa gari: unafuatana na askari wa wanyamapori mwenye bunduki, mnateremka kwa miguu msituni, kimya, na mkifika chini mnaruhusiwa kuingia majini. Kurudi ni kupanda, na hapo ndipo tutawajua wanaokimbia kipindi cha michezo. Kutoka vilele vya milima unaona bahari ya Diani kule chini. Mimi nadhani mtu akiuona msitu, akayaoga maji yake, kisha akatazama pwani kule chini anakokaa, hatahitaji insha ya kurasa tatu kuelezwa mambo ya mazingira.

Wanachama wanaotoka upande wa Kisauni (wapo watatu, na wanavuka kila siku, Mungu awape nguvu) wamependekeza Haller Park, Bamburi. Pendekezo hili si baya hata kidogo. Mahali pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, jangwa tupu la mawe meupe, mpaka mwaka 1971 Rene Haller alipoanza kujaribu miti. Alijaribu aina 26, zikafaulu tatu tu, mmoja wao mvinje. Kisha majani ya mvinje yakakataa kuoza mpaka walipoletwa jongoo wakayala na kuyageuza udongo. Jongoo hawa hawa tunaowaruka shuleni! Na nani asiyemjua kiboko Owen, aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004 akaletwa pale, akamfanya kobe mzee kuwa mamake? Lakini Haller Park ni mahali pa asubuhi moja. Wengi wetu tulipelekwa tukiwa shule ya msingi, na hatuendi huko kulala. Tukafanye hiyo siku ya Jumamosi ya kawaida, sio msafara.

Kuna jambo jingine la karibu na Shimba ambalo lingelifaa jarida hili. Upande wa kaskazini wa hifadhi kuna Mwaluganje, mahali ambapo wakulima, Wadigo na Waduruma, walikubali ardhi yao iwe njia na makao ya ndovu, na tangu miaka ya 1990 wamekuwa wakitarajia fungu la mapato ya wageni badala ya mahindi ambayo ndovu angeyala hata hivyo. Hapo pametengenezwa karatasi kwa kinyesi cha ndovu. Msicheke. Ndovu hula majani na maganda ya miti, hasagi vizuri, kinachotoka kimejaa nyuzi. Huoshwa, huchemshwa, husagwa, huanikwa, ikawa karatasi, wala hainuki. Ningependa toleo lijalo liwe na ukurasa mmoja wa karatasi ile, na ukurasa huo tuwaachie wale wanaotunga mashairi ya mapenzi. Lakini pia ningependa tukawaulize wakulima wenyewe: je, hayo mapato yanafika? Ndovu akivunja ua akala migomba, nani analipa, na baada ya muda gani? Mtu anayelala macho akilinda shamba ana maoni yake kuhusu ndovu, na hayafanani na yetu ya dirishani. Mahojiano kama hayo, kwa Kiswahili chao cha Kidigo, yangekuwa na faida kuliko picha mia za simu. Na jioni tungepata wazee wakatuonyesha sengenya, ngoma tunayoisikia kwa redio tu.

Sasa pingamizi. Kwanza, simba. Sikilizeni, kwenda Shimba kwa ajili ya simba ni sawa na kwenda dukani kwa fundi cherehani kutafuta samaki. Anayetaka simba lazima akubali hivyo mapema, asije akatuharibia kambi kwa manung'uniko.

Pili, baridi. Kule juu usiku si kama Likoni, na asubuhi ukungu hushuka mpaka humwoni aliye mbele yako. Mtu abebe sweta, wala asione haya. Aprili nisingependekeza, kwa sababu masika hufanya njia za msituni kuteleza vibaya sana. Desemba kuna joto. Agosti ndiyo yenyewe.

Tatu, na hili ndilo zito, wasichana. Mwaka jana wasichana walikuwa wanane tu garini. Wazazi wengi hapa kwetu hawatamruhusu binti yao alale mahali ambapo wakipigiwa simu usiku hawawezi kufika kabla ya kukucha. Sitaki kuwaita wa zamani, maana hata mimi nina dada mdogo. Kwale mzazi anaweza kupanda matatu jioni akaja kuona mahema yamepangwaje, nani analinda, na kama walimu wa kike wapo. Akiridhika anarudi, asiporidhika anamchukua binti yake. Mahema ya wasichana yawe upande wake karibu na walimu, nafasi ya kuswali itengwe, na nyama ichinjwe na anayejulikana. Mambo haya tukiyaandika kwenye barua ya wazazi tangu mwanzo, nina imani sahihi zitakuja. Tsavo hata ukiandika kwa wino wa dhahabu, sijui.

Nne kuna wale wasemao, "Kwale ni kwetu, n'kaangalie nini?" Hawa ndio walionishinda kabisa. Nimewauliza wanne kama wamewahi kuingia ndani ya lango lile. Hakuna hata mmoja. Wamepita nje yake kwa matatu wakienda mazishi ya Kinango.

Kwa hivyo pendekezo langu, ambalo nitalisoma mkutanoni mkinipa dakika tano, ni hili. Twende Shimba, watu wote, kwa makundi mawili ya basi moja. Mchango uanze sasa, kidogo kidogo kila Ijumaa, na mweka hazina asitangaze majina ya wanaodaiwa, aandike tu daftarini mwake. Ada za hifadhi na za kambi zilipwe mapema kwa eCitizen ili tusifike langoni tukaanza kutafutana. Aliyetunga shairi la ndovu apewe kiti cha mbele, dirishani. Siku ya kwanza Sheldrick, siku ya pili palahala na chemchemi kama askari wataturuhusu, jioni malumbano ya ushairi karibu na moto.

Kuhusu mahema, nimeshazungumza na skauti wa shule. Wanayo sita na watatuazima, mradi tuyarudishe makavu. Matano ni mazima. La sita lina tundu juu, la ukubwa wa sahani. Hilo nimependekeza alale mwenyekiti wetu, ambaye amesema mbele ya watu kwamba Shimba hakuna cha kutazama, ili akishtuka usiku awe na nyota za kuangalia.